Ramani ya koperative: nini ionekane, nini ibaki ndani ya kabati



Siku hizi koperative zaidi ya moja zimetuuliza, sisi maagronomu wa hapa Bunia, kama inafaa kuongeza ramani kwenye saiti yao ya intaneti. Siyo picha ya karte iliyobandikwa tu, hapana. Wanataka ile ramani ambayo mtu anaigusa na kidole, inasogea, inakua, na akigusa alama anasoma jina la soko ao la kituo cha kukusanyia kahawa. Jibu letu ni ndiyo, inafaa. Lakini tunaweka sharti moja, na ndilo linalotufanya tuandike leo.

Kazi yenyewe si ngumu. Saiti nyingi zimejengwa na programu kama WordPress ao Drupal, ambazo zinakubali kuongezewa kipande kidogo kinachoitwa moduli. Moduli ya ramani inachukua barabara, mito na vijiji, mara nyingi kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Juu yake inaweka alama zenu, kwa kusoma jedwali lenye jina la mahali na namba mbili za GPS. Kwa Bunia, namba hizo ni karibu 1,56 kaskazini na 30,25 mashariki.

Faida iko. Mnunuzi anaona kahawa ya Mahagi inakusanywa upande gani, na kakao ya Mambasa upande gani, bila kupiga simu kumi. Na wale wenye simu ndogo isiyo na intaneti hawaachwi inje. Kule Kenya, mwaka 2008, ramani ya Ushahidi ilipokea habari za watu kwa mesaji za simu. Kwetu pia, mwanachama anaweza kutuma mesaji kwamba daraja limebomoka, na mwenye kutunza saiti anaweka alama.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wanunuzi wa kakao na kahawa wanaouza Ulaya wameanza kuomba namba za GPS za mashamba, kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya 2023/1115. Sheria hiyo inataka ijulikane kwamba zao halikutoka mahali ambapo msitu ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hektari 4 linatosha kuonyeshwa na nukta moja. Likizidi hapo, inapashwa kuchora mipaka yake. Na kila namba iwe na tarakimu sita baada ya koma.

Hapo watu wanachanganya mambo mawili. Mnunuzi anaomba namba kwa ajili ya faili yake. Sheria hiyo haiambii koperative iziweke wazi kwenye saiti. Tarakimu sita baada ya koma ni karibu sentimeta 11: ni mlango wa nyumba yako. Tarakimu mbili ni karibu kilometa 1: ni kijiji chako tu.

Katika mkutano mmoja tulionyesha mfano wa ramani yenye depo, jina la mwenye shamba na juma la kupima mavuno. Tulifikiri tumefanya kazi nzuri. Mama mmoja akauliza: « Na wale wenye kuiba, hawana telefone? » Hatukuwa na jibu. Tulifuta alama zile siku ileile.

Tunajua tunaishi wapi. Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa tano 2021, na bado katika Djugu, Irumu na Mambasa watu wengi wamekimbia mashamba yao. Depo iliyoonyeshwa wazi inamwongoza mwizi. Na kuna jambo la pili: mipaka ikichorwa kwenye saiti, watu wataanza kuisoma sawa vile hati. Mwenye kukimbia akirudi na kukuta shamba lake limechorwa kwa jina la mwingine, ramani yetu imezaa ugomvi mupya juu ya ugomvi wa zamani.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi.

Kwanza, mufanye majedwali mawili. La saiti liwe na masoko, shamba la mfano, na vijiji vyenye zao fulani, kwa tarakimu mbili tu. La mashamba na depo libaki kwa koperative, ndani ya kabati na kwenye mashine yenye neno la siri. Musikubali mtu awaambie kwamba moduli « itaficha » alama. Mara nyingi alama iliyofichwa inatumwa pamoja na ukurasa, na mwenye ujuzi anaisoma.

Pili, mwenye shamba aulizwe mbele, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kukataa. Kodi ya numerike ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mnunuzi akipewa namba, iandikwe kwenye daftari: nani amepewa, siku gani, kwa kazi gani.

Tatu, mtu mmoja achaguliwe na mkutano kwa kusahihisha ramani kila mwezi. Alama ya soko lililohama inapotosha watu kuliko kukosa ramani.

Kabla ya kumwita fundi, wekeni neno hili kwenye mkutano ujao. Pitieni alama moja moja, na kwa kila moja muulize: nani atafurahi kuiona, na nani mwingine ataiona? Ile ambayo jibu lake linawatia wasiwasi, iacheni ndani ya kabati.