Mkoko Mpya, Spea Iko Wapi?

Leo nataka tuongelee spea. Tulia, usianze kuficha simu! Sina maana ya yule spea uliyemwandika kwenye simu kwa jina la "Fundi Bomba". Huyo tutamshughulikia mwezi mwingine. Leo nazungumzia spea yenyewe hasa, yaani tairi la tano.

Nimeamua kuliandikia kwa sababu limeanza kuvuruga nyumba za watu. Vijana wenye kazi zao wamejibana, wamekopa, wanaingia shorumu wameshikana mikono kununua gari la juu ambalo halijawahi kuguswa na mtu. Rangi wamekubaliana. Viti vya ngozi wamekubaliana. Halafu mke anafungua mlango wa nyuma, ananyanyua zulia, anakuta kopo la dawa na kipampu kidogo cha upepo. "Mume wangu, spea iko wapi?" Kijana wa mauzo anatabasamu, anasema siku hizi magari hayaji na spea, mkitaka mnaongeza hela. Mume anaona hiyo hela bora iende kwenye muziki. Mke anaona muziki hausukumi gari. Hapo ndipo mlipoingia mnacheka na kutoka mmenuniana.

Tuanze na wenye viwanda, maana nao wana hoja zao. Tairi zima la gari la juu pamoja na ringi yake linaweza kufika kilo 30 au zaidi. Uzito huo unakula mafuta, na viwanda vinabanwa na sheria za moshi kwa kila gramu. Pili, ni gharama. Ukiondoa tairi moja kwenye kila gari, mwisho wa mwaka umeokoa mpunga wa kutosha. Tatu, ni nafasi. Magari yanayotumia umeme, na yale ya umeme na petroli kwa pamoja, yanahitaji mahali pa kuweka betri, na mara nyingi shimo la spea ndilo linaloathirika. Isitoshe, mtu wa London au Tokyo akipata pancha anapiga simu, anakunywa kahawa, msaada unakuja. Kwa huyo spea ni mzigo kweli.

Tena kama hukujua, magari ya kwanza kabisa duniani yaliuzwa bila spea. Ukipata pancha unashuka na suti yako, unavua tairi na kuliziba pale pale barabarani. Mwaka 1904, kwenye mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili wa ukoo wa Davies wakaja na gurudumu la akiba la kufunga juu ya lile lililopata pancha. Wakaliita Stepney, jina la mtaa waliokuwa na duka lao. Ndiyo maana mpaka leo ukienda India ukasema "stepney", fundi anakuletea spea. Kwa hiyo hili jambo la kuuza gari bila spea si maendeleo kama wanavyotuambia. Tumerudi tulikotoka, safari hii tukiwa na kopo la dawa mkononi.

Angalia na magari tunayoyajua mitaani. RAV4 na CR-V za zamani zilikuwa zinatembea zimebeba tairi mgongoni kama mama na mtoto. Honda wakalishusha chini ya sakafu kwenye CR-V ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2006. Toyota nao wakaliondoa mlangoni kwenye RAV4 ya kizazi cha nne, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 2012. Lakini hebu tazama wale ambao bado wanajinadi kuwa ni watu wa porini. Suzuki Jimny mpya ya 2018 imekuja na tairi mlangoni. Land Rover Defender iliyozinduliwa upya 2019, pamoja na kompyuta zake zote, nayo ina tairi mlangoni. Na madereva wetu wa utalii kule Arusha? Wengi hawaridhiki na spea moja, wanabeba mbili. Mtu anayekula kwa jasho la barabara ya vumbi ukimwona anabeba mbili, jua kuna kitu anakijua.

Sasa tuje kwenye lile kopo. Kopo si usanii, linafanya kazi, ila kwa mipaka yake. Msumari ukiingia katikati ya tairi, pale panapokanyaga barabara, ukaacha tundu dogo lisilozidi milimita 6 hivi, dawa inaziba. Unajaza upepo, unakwenda taratibu mpaka kwa fundi, na kwa kawaida hutakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Dawa ikishatumika imekwisha, na hata usipoitumia ina tarehe yake ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Lakini ubavu wa tairi ukichanika, dawa haina la kufanya. Na porini, msomaji wangu, mara nyingi adui si msumari. Adui ni jiwe lenye ncha na kisiki, na hivyo vinapiga ubavuni.

Niliyashuhudia haya mwaka 2022. Tulikuwa familia mbili, magari mawili, tunakwenda Hifadhi ya Ruaha. Wenzetu walikuwa na gari jipya la muuzaji ambaye sitamtaja, bado linanuka upya, na mzigo wa nyuma ulikuwa kopo na pampu. Tumeiacha Iringa nyuma, tuko kwenye kipande cha vumbi, mara nawaona wanasimama. Jiwe limekata ubavu wa tairi la nyuma kushoto, mpasuko wa kuingiza vidole viwili. Jamaa akafuata maelekezo yote ya kitabu. Dawa ikaingia kwa mbele na kutokea ubavuni kama povu la sabuni.

Tukasema tutumie spea yangu. Nati zangu sita, zake tano. Hapo hata maombi hayasaidii.

Basi tairi likavuliwa, likapandishwa kwenye gari langu, tukarudi mjini. Iringa nzima saizi ile hakuna. Ikabidi tupige simu Dar, likanunuliwa huko na kupakiwa kwenye basi, likatufikia kesho yake jioni. Wakati huo gari jipya linalindwa porini na vijana wawili wa kijiji cha karibu, ambao nao walistahili kulipwa na walilipwa. Piga hesabu mwenyewe: tairi moja la dharura, nauli ya mzigo, walinzi, lodji usiku usiopangwa, na siku mbili za likizo zimepotea.

Lakini gharama kubwa haikuwa hiyo. Shemeji yangu alikuwa ameomba spea siku ya kununua, akaambiwa "mama, acha woga". Usiku ule pale lodji hakusema "nilikwambia". Angesema ingekuwa afadhali. Alikaa kimya, akamlisha mtoto, akalala. Asubuhi ndipo aliponiambia, "Shem, mimi tairi limenikera kidogo tu. Kilichoniuma ni kwamba nilipouliza nilionekana mjinga." Nikawaza, kumbe hii ndiyo stori yenyewe. Wanandoa wengi hawagombani kwa ajili ya kitu. Wanagombana kwa sababu mmoja alisema neno la maana na mwenzake akaligeuza kichekesho. Jamaa alimwomba radhi mkewe, na spea akanunua wiki ile ile. Naamini ile radhi ndiyo iliyookoa ndoa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, silizungushi: gari la juu jipya, hasa la mtu anayelipeleka kweli mikoani na porini, libebe spea. Tena spea nzima, saizi moja na matairi mengine manne. Kile kijitairi chembamba ni cha mjini. Kimeandikwa ubavuni mwisho kilomita 80 kwa saa, na kwenye mchanga au changarawe ni kama kuvaa kandambili kupanda Kilimanjaro. Tena gari linalovutwa na magurudumu yote manne halipendi tairi moja dogo kuliko mengine. Hilo dogo linazunguka haraka zaidi, na difu ndiyo inayoumia. Difu ukiiua utatamani ungenunua spea kumi.

Wapo watakaoniambia wana matairi yanayotembea hata yakiisha upepo. Ni kweli yapo, na mengi yanakupa kama kilomita 80 kwa mwendo wa 80. Sawa, lakini zitoshee kukufikisha kwa fundi mwenye saizi yako. Na ubavu ukichanika vibaya, hata hizo usizitegemee.

Ila nisiwe mkali kwa kila mtu. Kama gari lako la juu ni la kuuza sura tu, kazi yake ni Mbezi kwenda Posta na Jumapili kanisani au kwenye pikiniki, na kila baada ya hatua mbili kuna kijana wa kuziba pancha, kopo litakutosha. Usibebe kilo 30 kwa ajili ya safari ambayo huifanyi. Lakini mpo wangapi? Desemba ikifika wote mnapandisha kwenu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Jiulize, pancha ikikupata pale usiku, tembo wako pembeni, mtoto analia kiti cha nyuma, utataka kukaa chini kiasi gani ukisubiri msaada?

Sasa mkienda shorumu, nendeni wote wawili na mulize haya kabla kalamu haijagusa karatasi. Moja, spea ipo, na ni nzima au ni ya kubania? Kama inauzwa pembeni, bei yake iingie kwenye mapatano ya gari zima, siku hiyo hiyo. Ukishasaini nguvu yako ya kupatana imekwisha. Mbili, jeki na spana vipo? Magari mengi yasiyo na spea hayana hata jeki. Tatu, ringi zina nati ya kufuli? Kama ndiyo, ufunguo wake ukae garini, si kabatini nyumbani. Nne, inakaa wapi? Ikiwa mlangoni inaziba kioo kidogo na mlango unakuwa mzito, lakini unaifikia hata ukiwa umezama kwenye tope. Ikiwa chini ya gari inakula vumbi na kutu, na wezi wanaijua njia, hivyo itafutie kufuli. Tano, saizi hii ya tairi inapatikana mikoani? Ringi kubwa zenye tairi jembamba zinapendeza kwenye picha, lakini ubavu wake ni mfupi na mawe yanaupenda.

Mkishaipata msiisahau. Spea ina umri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linazeeka hata kama halijatembea hatua moja. Ipime upepo kila unapopima mengine, maana spea isiyo na upepo ni pambo tu. Na beba pembetatu zako. Matawi ya miti barabarani tumeyazoea, lakini usiku dereva wa lori hayaoni mpaka ameyakanyaga.

Dada zangu, na ninyi nina neno kwenu. Msiniambie kubadilisha tairi ni kazi ya wanaume. Siku utakayopata pancha huyo mwanaume anaweza kuwa Mwanza kikazi. Kinachohitajika ni akili zaidi ya misuli: unalegeza nati kabla hujapiga jeki, unakanyaga spana kwa mguu kama nati ni ngumu, unafunga kwa kukatisha na si kwa kuzunguka. Nusu saa imekwisha. Kaka zangu, mfundisheni bila kejeli, na kama naye anajua kuliko wewe, jifunze bila aibu.

Kazi ya mwezi huu ni rahisi. Jumamosi moja asubuhi, kabla ya shopingi, tokeni wote wawili nje, mtoe spea, mlifunge na mlirudishe lile la zamani. Mtachafuka kidogo, mtacheka sana, na mtajua kama ile jeki inafanya kazi au ni chuma tu. Na kama mkifungua mkakuta kopo, basi mna jambo la kuzungumza jioni hiyo. Zungumzeni kwa upole, na atakayesema anaogopa asichekwe.

Tukutane mwezi ujao. Endesheni salama, na yule "Fundi Bomba" mfute mwenyewe kabla sijamfikia!