Wamemvika shuka, wakamnyima kwao

Wiki hii mwandishi wa safu hii alialikwa chakula cha jioni katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, akarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka sasa haijashuka. Mlangoni palikuwa na ubao: "Usiku wa Utamaduni". Wageni walipokuwa wakimalizia samaki, vijana kadhaa walitokea upande wa jikoni wamejifunga shuka nyekundu, rungu mkononi, wakaanza kuruka kama Wamaasai. Sauti za kuimba zilitoka kwenye spika.

Kijana mmoja alichelewa kila mruko. Mama wa Kijerumani, mtu mzima mwenye udadisi wa kweli, alimwita akamuuliza kwao ni wapi hasa. Kijana akamtazama msimamizi wa burudani. Msimamizi akamkazia macho.

"Arusha," akasema.

Baadaye alikutwa nje ya geti la wafanyakazi akisubiri daladala, shuka limeshakunjwa ndani ya begi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Arusha sehemu gani?"

Akainamisha kichwa. "Kwetu Makunduchi, mzee. Nasoma stashahada ya utalii, hapa niko fildi."

Makunduchi! Mji ambao kila Julai watu huacha shughuli zao Unguja nzima kwenda kuona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Alipoulizwa habari za Mwaka, yule kijana aliyekosa pumzi kwenye mruko alipata ulimi. Alieleza wanaume wanavyogawanyika pande mbili na kuchapana kwa vikonyo vya migomba, ili chuki za mwaka uliopita ziishie pale pale uwanjani. Alieleza kibanda cha makuti kinavyochomwa moto watu wakiwa ndani, wanavyochomoka, na wazee wanavyoufuata moshi kwa macho kujua mwaka unaelekea wapi. Wanawake, wamevaa nguo mpya, huimba nyimbo za kusema yale ambayo siku nyingine hayasemwi. Alijua hesabu ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 unaopangwa kwa miongo ya siku kumikumi, hesabu ambayo babu yake aliitumia kujua majira ya pepo na ya kupanda. Kisha akataja jambo ambalo lilipaswa kuandikwa kwenye ule ubao wa mlangoni: kwa imani ya Makunduchi, siku ya Mwaka si vizuri nyumba ikose mgeni.

Watu wana mila nzima inayomtengea mgeni nafasi mezani, na mtoto wao anafundishwa kumdanganya mgeni.

Chuoni, alisema, amefundishwa kupanga meza, kupokea simu na kutunza hesabu za vyumba. Hakuna mwalimu aliyewahi kumtaka aandike ukurasa mmoja juu ya kwao. Hapo ndipo penye ugonjwa. Wenye hoteli ni wavivu na vyuo vinawafuata. Utamaduni umefanywa pambo la baada ya chakula, na mwanafunzi anayekuja na elimu ya nyumbani anaambiwa aiache getini.

Wamaasai nao wanadhulumiwa. Mruko ule wa morani una mahali pake katika sherehe kama eunoto, vijana wanapovuka kutoka umorani kuingia utu uzima. Kuutenga na sherehe hiyo na kuuweka kati ya samaki na matunda ni kuwavunjia heshima wenye nao.

Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa cha Darajani, ambaye wasomaji wa safu hii wameshauzoea ubishi wake, aliposimuliwa kisa hiki hakubisha. Aliweka kikombe chini akauliza: "Na huyo mama akifika kwao, atasema kaiona nchi gani?"

Unguja haina uhaba wa mambo ya kuonyesha. Siti binti Saad alitoka Fumba, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, kilianzishwa 1905. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Mwanafunzi wa utalii wa utamaduni asiyeweza kuyazungumzia haya kwa nusu saa bila karatasi hajasoma, hata kama cheti kina mhuri.

Na kazi ya namna hiyo ipo. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vya kaskazini mwa Tanzania vilianza utalii wa utamaduni kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV. Pale Mto wa Mbu mgeni hutembezwa mashambani, huwaona wachongaji wa Kimakonde wakiwa kazini, huonja pombe ya ndizi na hula chakula kilichopikwa na akina mama wa hapohapo. Wanaomwongoza ni vijana wa kijiji, na sehemu ya malipo hubaki kijijini. Hakuna anayelazimika kujifanya mtu wa kwingine. Kule Lamu, Kenya, nako wageni huifuata Maulidi katika siku zake, pamoja na wenyeji wanaoisoma. Hakuna anayewasogezea kipande chake mezani usiku wowote.

Wenye hoteli, usiku wenu ujao mpeni yule kijana kiti na kipaza sauti aeleze Mwaka wa kwao. Kiingereza anacho na wageni wana hamu ya kusikia. Na wewe mzazi, kabla hujalipa ada ya chuo cha utalii, omba uonyeshwe mtaala. Tafuta ni somo gani linalomtoa mwanao darasani akakae na wazee, mafundi na manju wa ngoma. Usipoliona, mpeleke chuo kingine.