Walio Wachache Wasizibwe Kinywa

Mwaka 2007 klabu ya mpira ya Everton, mjini Liverpool, Uingereza, iliwapigisha kura mashabiki wake: je, tuuhame uwanja wetu wa Goodison twende Kirkby, nje ya mipaka ya mji? Wengi waliridhia. Walio wachache hawakunyamaza; walishikilia kwamba klabu ya mji haihami mji wake. Mwaka 2009 Serikali ililikataa shauri la Kirkby, na mwaka 2025 klabu ikahamia uwanja mpya bandarini, ndani ya Liverpool.

Ndugu wanachama, zingatieni. Kura huhesabu watu, haipimi hoja. Sisi wapinzani, tudaio kusikilizwa na wenye nguvu, yatupasa insafu ianzie kwetu: mkutanoni uamuzi wa wengi ufuatwe, bali aliyeshindwa asizibwe kinywa.