Ganzi ichomwe kabla mtoto hajaamka

Mtoto akipasuliwa tumbo halafu akaamka akilia, mama huambiwa atulie, kwamba ndivyo ilivyo kwa kila aliyepasuliwa. Si lazima iwe hivyo. Dawa ya kumsaidia iko mle mle alimopasuliwa.

Dawa hiyo ni ganzi. Lidokaini ndiyo tunayoshonea majeraha na kutahiria. Bupivakaini inajulikana na kila anayechoma ganzi ya mgongo kwa mama anayezaa kwa upasuaji. Mtoto akiwa bado usingizini, mpasuaji achome ganzi kwenye kingo za kidonda, au mtaalamu wa usingizi aichome karibu na neva za ukuta wa tumbo. Kwa bupivakaini, mtoto atapata saa kadhaa bila maumivu makali.

Visingizio tumevisikia huku Kivu Kaskazini, kuanzia Kirotshe hadi Walikale. Eti hakuna mashine ya ekografi. Kweli inasaidia kuziona neva, lakini kingo za kidonda anaziona kwa macho yule yule aliyezikata. Eti tungoje upasuaji wa matundu madogo, kama ule unaofanywa hospitali ya Panzi kule Bukavu. Uje, tunautaka; lakini matundu hayo nayo huuma, na watoto wa Masisi wanapasuliwa leo. Wapo hata wanaosema mtoto mchanga hasikii maumivu! Watafiti, Dkt. Anand na mwenzake Hickey, walionyesha mwaka 1987 kwamba anayasikia.

Hofu moja tu ndiyo ya haki: ganzi ikizidi inaweza kuleta degedege na kusimamisha moyo. Basi mtoto apimwe kwa mizani. Bupivakaini isizidi miligramu 2.5 kwa kila kilo, na kwa mtoto mchanga ipunguzwe zaidi. Mwenye kilo 12 hapiti miligramu 30, yaani mililita 12 za dawa ya asilimia 0.25. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Bomba la sindano livutwe kwanza, kuhakikisha ncha haiko kwenye mshipa wa damu. Na famasi iagize bupivakaini ya kawaida, kwa kuwa ile nzito ni ya mgongoni.

Ganzi ikianza kuisha, parasetamoli iwe tayari imeshatolewa: miligramu 15 kwa kilo, kila saa 6, kwa kufuata saa. Kungoja mtoto alie ndipo apewe dawa ni kuziba bati mvua ikiwa imeshaingia ndani. Mtoto anayeumwa kidonda cha tumbo halii tu, anaogopa pia kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Makohozi yakijikusanya kifuani, nimonia haiko mbali.

Wakubwa wa zoni za afya wanaweza kuamua jambo hili katika kikao kimoja: hakuna mtoto anayetoka chumba cha upasuaji bila ganzi ya kidonda, ila pale daktari atakapoandika sababu.

Nawe mzazi, kabla hujaweka sahihi, uliza: mtoto wangu atachomwa ganzi ya kidonda kabla hajaamka? Usiondoke bila jibu.