Kumbe sijui bao!

Jumapili moja nilikwenda Raskazone kupunga upepo wa bahari. Chini ya mti nikakuta wazee wanacheza bao. Nikawaamkia, nikaomba zamu. Chuoni nilikuwa tishio bwana, hosteli nzima hakuna aliyenifunga! Nikaanza kupanga kete mbili mbili kila shimo. Mzee mmoja akacheka: "Mjukuu wangu, hilo ni bao la kujifunza. Hapa tunacheza la Kiswahili."

Nilifungwa mara tatu mfululizo. La mwisho sikumaliza hata kete za mkononi.

Sasa tuulizane. Ubao ni ule ule, mashimo 32 na kete 64. Tofauti iko wapi? Bao la kujifunza linaanza na kete zote ubaoni. Unahesabu, unakula, basi. Bao la Kiswahili kila mtu anaanza na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki 22 ziko mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha ndipo unaingia mtaji. Halafu kuna nyumba yenyewe. Ikiwa bado na kete sita au zaidi, nawe katika kula kete yako ya mwisho ikaangukia humo bila kupata cha kula tena, unaamua mwenyewe: ulale, au uivunje usafiri.

Kwa maneno mengine, sisi wa kujifunza tumeruka namua yote. Ni kama kuingia sinema ya Kihindi baada ya mapumziko. Ngumi unaziona, lakini hujui wanagombania nini.

Wapo vijana wenzangu wanaosema namua inapoteza muda. Nawapinga. Kwenye namua ndipo unapojenga ubao wako na kuamua nyumba uitunze au uitumie. Lakini na wazee nawapinga kidogo. Kuliita la kujifunza "bao la watoto" kunatufukuza. Kuhesabu raundi nzima kichwani kabla hujagusa kete kunafundishwa vizuri na bao hilo hilo. Ni mlango, tatizo ni sisi tuliokaa mlangoni miaka yote tukidhani tumeshaingia.

Wamarekani walipitia jambo linalofanana na hili. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo wachezaji wanajifanya mashujaa na wachawi. Sheria zilikuwa kwenye vijitabu vitatu, na wageni wengi hawakuzielewa. Mwaka 1977 likatoka boksi la wanaoanza, lililoandaliwa na J. Eric Holmes. Kati ya 1977 na 1979 vikatoka vitabu vitatu vikubwa vya toleo la juu. Mashabiki wanabishana hadi leo toleo lipi ni bora, ila wanabishana wakiwa na vitabu mkononi.

Sisi je? Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akatoa kitabu mwaka 1995, kwa Kiingereza. Ahsante yake. Lakini kanuni kama kutakasia, ambapo unamzuia mwenzio kuanzia shimo lake moja, wengi wetu tunaisikia siku tunayofungwa nayo. Mzee wa baraza ndiye kitabu, na akiondoka tunabaki na ubishi tu.

Rai yangu ni fupi. Kabla ya kucheza, semeni mnacheza lipi. Anayejua namua amfundishe mmoja. Na sisi tuliosoma tukaandike kanuni za baraza zetu kwa Kiswahili, pamoja na zile wanazobishania wazee wenyewe.

Mimi Jumapili narudi kwa babu. Safari hii nakwenda na daftari.