Uvira: Somo la sayansi lisibaki ubaoni wakati ziwa liko mlangoni

Mtoto wa mwaka wa tano wa shule ya msingi mjini Uvira anaweza kukariri kwa Kifaransa, bila kosa hata moja, kwamba maji hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kuvaa sare, amebeba bidoni ya maji kutoka ziwani kwa sababu bomba la mtaa wao limekauka. Maji hayo nayo hayana rangi wala harufu. Lakini yanaweza kuwa na kijidudu cha kipindupindu, na yeye ndiye amekileta nyumbani.

Hapo ndipo panapouma. Somo ambalo mtoto anapewa alama kumi juu ya kumi halimsaidii kumlinda mdogo wake.

Swali hili linawahusu kwanza viongozi wa makanisa. Tangu mapatano ya Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya watoto wa Kongo wanasomea katika shule za serikali zinazosimamiwa na kanisa. Kutoka bonde la Ruzizi hadi Fizi, shule za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zikiwemo za CEPAC na CELPA, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Programu inatoka Kinshasa, lakini direkta, mashauri ya walimu na moyo wa shule viko mikononi mwa kanisa.

Uvira si mji wa kukosa mifano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia mji huu tangu 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba maji ya Regideso yanapokatika, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka hospitalini katika siku 12 zinazofuata. Ni hesabu ambayo mtoto wa mwaka wa sita anaweza kuielewa na hata kuichora kwenye daftari lake. Mahali pengine watoto wanasoma habari za kipindupindu kitabuni. Uvira, wanaijua njia yake kwa miguu yao.

Lakini wakati ugonjwa unapoingia mtaani, wako bado wanaosema ni sumu, ni uchawi, au ni laana ya familia. Wakati mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ukaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba, maneno kama hayo yalisikika. Shule ya kikristo ina nafasi ambayo wengine hawana. Mwalimu anayeanza siku kwa maombi, halafu akaeleza jinsi mlima uliokatwa miti unavyoshindwa kushika maji ya mvua, anasikilizwa na mtoto pamoja na wazazi wake. Hakuna atakayemwambia kwamba ameacha imani.

Wala kuchunguza uumbaji si jambo geni katika imani hiyo. Kitabu cha Mithali kinamtaka mtu mvivu ajifunze kwa mdudu mdogo. Na katika ziwa hili hili, mwaka 1878, baharia Edward Hore, aliyetumwa na London Missionary Society, alifika Ujiji, ng'ambo ya Tanzania. Pamoja na kazi ya misheni, alipima vina vya maji, akakusanya makombe, na akafuatilia jinsi ziwa lilivyoshuka baada ya maji kujifungulia njia kwenye mto Lukuga. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na kuingia katika nyumba za watu Uvira. Ni wanafunzi wangapi waliopewa kazi ya kuandika limepanda sentimita ngapi?

Jibu linalotolewa mara nyingi linajulikana: hakuna laboratware, madarasa yamejaa tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, na walimu wengine bado hawalipwi na serikali. Yote hayo ni kweli, na mwalimu mwenye njaa asilaumiwe. Lakini kuna masomo yasiyongoja maabara.

Mwalimu achukue glasi mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa, atie chumvi katika moja na kuikoroga. Kwa macho zinafanana. Mtoto akionja, anajua milele kwamba maji maangavu yanaweza kuficha kitu. Darasa lingine lipime lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi: ni maji ya kumnywesha mtu anayehara wakati anapelekwa kituo cha afya. Chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ikijazwa maji maangavu na kulazwa kwenye jua kali kwa muda wa saa 6, inafundisha nguvu ya jua dhidi ya vijidudu. Kwa ziwa, mti wenye alama za sentimita unatosha, ukisimikwa na mtu mzima mahali pasipo na mamba wala viboko, na kusomwa kila Jumatatu.

Kuna pia suala la lugha. Mtihani ni wa Kifaransa, na Kifaransa kifundishwe vizuri. Lakini mtoto anayejua ndagala, mukeke na sangala aruhusiwe kueleza kwanza kwa Kiswahili kwa nini wavuvi wanatoka usiku na taa. Akishaelewa, neno la Kifaransa litapata mahali pa kukaa.

Mji huu una Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambacho kazi yake ni ziwa hili. Waratibu wa shule za makanisa wanaweza kuandika barua moja kuomba mtafiti azungumze na walimu wa mwaka wa tano na wa sita kabla muhula haujaanza. Wanaweza pia kuamua kwamba mkaguzi wa shule asihesabu kurasa zilizonakiliwa tu, bali aulize watoto wamepima nini.

Serikali inadaiwa mishahara, madarasa na maji ya bomba, na deni hilo lisisahauliwe. Ila kesho asubuhi bidoni itarudi ziwani. Anayeibeba anastahili kujua kilichomo.