Mwezi Ukiwaka, Rumonge Icheke

Kila mwezi zipo siku ambazo taa za wavuvi hazionekani kwenye Ziwa Tanganyika mbele ya mji wa Rumonge, Burundi. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, samaki hujikusanya chini ya mwanga, wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikijaa, mwanga huenea ziwa zima na taa ya mtu haina tena mvuto. Vyombo hubaki ufukweni, nyavu hushonwa, madeni huhesabiwa, na wanaume waliozoea kukesha majini hukuta jioni imewadia na kazi hakuna.

Jioni hizo ndizo zenye vicheko. Karibu na meza ya mukeke wa kuchoma, mmoja huanza kumwigiza tajiri wa chombo anavyogawa mapato: sauti yake, kikohozi chake, jinsi vidole vinavyokwama kwenye noti ya mwisho. Mwingine anadakia. Wa tatu anasimama, maana hadithi yake haisimuliki mtu akiwa amekaa. Hapo komedi ya jukwaani imeshaanza, imekosa jukwaa tu, na siku inayojulikana, na malipo.

Rumonge inahitaji usiku wa vichekesho wa kudumu, na ratiba yake ipangwe na mwezi wa angani badala ya siku za juma. Kampala ina Alhamisi zake, Nairobi ina mwisho wa wiki wake. Mji wa wavuvi una mbalamwezi, kalenda ambayo mtoto wa hapa anaisoma kabla hajajua kusoma herufi.

Neno lenye uzito hapa ni “kudumu”. Tamasha la mara moja, lenye mabango na mgeni mashuhuri kutoka mji mkuu, huja likapita kama mvua ya masika. Mchekeshaji hukua kwa kurudi pale pale, mbele ya watu wale wale, na kichekesho ambacho wiki mbili zilizopita kilimwangusha. Anakata sentensi moja, anasogeza jina mwishoni, ananyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, kisha anasikiliza. Kazi hii haifanyiki chumbani mbele ya kioo. Mwimbaji anaweza kujisikia mwenyewe, lakini mchekeshaji hawezi kujua kama amechekesha mpaka watu wacheke.

Ushahidi uko kote Afrika Mashariki. Anne Kansiime wa Uganda, ambaye leo anafahamika mbali sana na Kampala, alipitia kundi la Theatre Factory, kisha Fun Factory, lililozoesha watu wa mji ule kwenda ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza kila Alhamisi kucheka. Kenya, vijana wa kundi la Redykyulass walimwigiza Rais Moi wakati ambapo kumtaja tu kulihitaji ujasiri, wakafungua mlango. Baadaye Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, aliupanua kwa kipindi chake: Eric Omondi alipita hapo, Teacher Wanjiku alipita hapo, na wengine wengi walioanza kwa dakika chache za kutetemeka. Dar es Salaam ina Cheka Tu ya Coy Mzungu. Kigali, Fally Merci alianzisha Gen-Z Comedy mwaka 2022, na vijana ambao jina lao halikujulikana mtaa wa pili sasa wanajaza kumbi. Miji hii haikuizidi pwani ya Tanganyika kwa watu wenye ulimi. Ilichokuwa nacho ni mahali pamoja na siku moja isiyobadilika.

Burundi nayo si ngeni katika hili. Alfred-Aubin Mugenzi, anayejulikana zaidi kama Kigingi, amewachekesha watu wa Bujumbura kwa miaka mingi. Mwaka 2019 tuzo ya redio ya Ufaransa RFI ya vipaji vya kuchekesha ilikwenda kwa Michael Sengazi, msanii ambaye Rwanda na Burundi zote zinaweza kumwita mwana wao. Na katika masimulizi ya Kirundi yumo Samandari, yule mjanja anayejifanya mjinga ili aweze kuwaambia wakubwa ukweli. Jina lake lilipewa mkahawa wa fasihi ulioanzishwa Bujumbura mwaka 2010, ambako waandishi akina Roland Rugero walikutana na wasomaji wao kila Alhamisi. Walikutana wiki baada ya wiki, na kizazi cha waandishi kikapatikana. Lakini mkahawa ule ulizungumza zaidi Kifaransa na Kirundi, na Bujumbura iko kilomita 75 hivi kutoka Rumonge, kwa barabara inayopita chini ya milima ya Gitaza ambako maporomoko ya mwaka 2015 yaliua watu na kukata njia. Siku hizi mafuta yakiadimika, kilomita hizo huwa ndefu zaidi. Kijana wa Minago au Nyanza-Lac mwenye kipaji hawezi kuambiwa kila mara apande gari aende Bujumbura.

Zaidi ya hayo, kipaji chake kimo katika lugha ambayo Bujumbura, ukiacha Buyenzi na mitaa michache, haiitumii kama yeye. Kiswahili cha pwani hii kilifika kwa misafara na mitumbwi ya Ujiji katika karne ya 19, kikaoa Kirundi, kikapokea wageni kutoka Uvira, Baraka na Fizi za Kongo, na kila siku kinasikia redio za Tanzania. Samaki mmoja anatosha kuonyesha. Mukeke wa Rumonge akivuka kwenda Kigoma anakuwa mgebuka. Ni yule yule, mapezi yale yale, maji yale yale. Mchekeshaji mwenye akili anaweza kumfanya samaki huyo asimame mpakani ajieleze: jina lako nani, umezaliwa wapi, mbona karatasi zinasema hivi na mdomo unasema vile? Hakuna mtu katika mji huu atakayehitaji kufafanuliwa kwa nini hilo linachekesha, na kwa nini linauma kidogo.

Maana wengi wao wamewahi kuwa samaki huyo. Wakimbizi wa mauaji ya mwaka 1972 walipoanza kurudi kwa maelfu kutoka Tanzania, hasa mwaka 2008 na 2009, wengi waliotelemka kwenye malori walikuwa wamezaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo. Walikuwa Warundi waliojua Kiswahili kuliko Kirundi. Watoto wao waliingia darasani wakakuta Kirundi na Kifaransa, na mtoto aliyekuwa hodari kule akawa mkimya huku. Wazazi wao walikuta nyumba za baba zao zina wenyewe wengine, na michikichi iliyopandwa na babu ikivunwa na jirani. Rumonge na Nyanza-Lac zilibeba mzigo mkubwa wa kesi hizo za ardhi. Hata jina la mahali limehama: mji ulikuwa ndani ya Bururi, mkoa wa Rumonge ukaundwa mwaka 2015, na katika mpango wa mikoa mitano ulioanza mwaka 2025 mji umejikuta ndani ya Burunga. Mtu aliyezaliwa Bururi, akaoa Rumonge na sasa anaishi Burunga huenda hajawahi kuhama nyumba.

Hapa pana swali linalopaswa kuulizwa kwa heshima: je, katika mji ambao karibu nao ndiko moto wa uasi wa Aprili 1972 ulikoanzia, moto ambao nchi nzima ililipia kwa damu, kuna mambo yasiyochekwa? Yapo. Maiti haichekwi, na aliyefiwa haguswi. Lakini aliyerudi akajikuta anasalimia “shikamoo” kwa jirani aliyemjibu kwa Kirundi, wakatazamana kila mmoja akidhani mwenzake anamdharau, hao wawili wanaweza kucheka pamoja wakiwa benchi moja, na kicheko hicho kikawa mazungumzo yao ya kwanza ya kweli. Redio iliwahi kuthibitisha jambo la aina hii. Mchezo wa “Umubanyi Niwe Muryango”, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuanza kutayarishwa na Studio Ijambo mwaka 1997, vita vikiendelea, ulihusu familia mbili za majirani, Wahutu na Watutsi, na nchi iliyogawanyika ilikaa kuusikiliza. Watu walijitambua katika ugomvi mdogo mdogo wa ua na uzio.

Waswahili wana neno la zamani kwa ruhusa ya namna hii: utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana hata msibani, na hakuna anayenuna, kwa kuwa desturi imewapa haki hiyo. Utani ulitembea na wapagazi kwenye njia zile zile za misafara zilizoleta lugha hadi ukingo wa ziwa hili. Usiku wa vichekesho unaweza kuwapa watani wapya: mvuvi na mkulima wa mawese, mtu wa Rumonge na mtu wa Nyanza-Lac, aliyebaki na aliyerudi, mwenyeji na Mkongomani ambaye vita vya Kivu Kusini vimemvusha ziwa.

Mahali penyewe je? Jibu la haraka ni baa, au kabare kama Warundi wengi wanavyoiita. Kuna sababu nzuri: kabare ina viti, ina paa, mara nyingi ina spika na jenereta, na mwenye nayo anajua hesabu. Ukumbi ukijaa, kreti za Primus na Amstel hutoka. Duniani kwingi komedi ya kusimama imelelewa na baa kwa sababu hizo hizo; hata Comedy Store ya London mwaka 1979 ilianza ghorofani juu ya klabu ya usiku ya Soho.

Hata hivyo Rumonge ni mji wenye Waislamu wengi, na Kiswahili chake kizuri zaidi mara nyingi kinatoka vinywani mwa watu ambao hawaingii kwenye baa. Mama anayeuza ndagala sokoni, ambaye kwa maneno matatu anaweza kumfanya mteja bakhili aongeze bei mwenyewe huku akicheka, hatasimama katikati ya chupa saa nne usiku. Ukimwacha nje, umeacha nje nusu ya kipaji cha mji. Basi mwenye kabare anayetaka kuanza afikirie ua badala ya ukumbi wa ndani: chai, soda na brosheti ziuzwe mbele, bia ibaki nyuma ya ukuta, na onyesho lianze baada ya sala ya Isha likaishe mapema, watu warudi nyumbani kwa mwanga wa mwezi. Hilo la mwanga si dogo katika mji ambao umeme hukatika. Wanawake hukubali kutoka usiku wanapoweza kuona njia.

Na wasanii walipwe. Hili lisiachwe kwa huruma ya mwenye ukumbi. Mwaka 1979, wachekeshaji wa Comedy Store ya Los Angeles waligoma kwa sababu klabu ilikuwa inajaa kila usiku huku wao wakipewa nafasi tu, bila fedha. Walisimama barabarani na mabango mpaka wakapata malipo kwa kila mara waliyopanda jukwaani. Wavuvi wa Rumonge hawahitaji kufundishwa somo hilo kutoka Marekani. Wao hugawana mavuno kwa mafungu, fungu la chombo, fungu la mafuta, fungu la kila mkono uliovuta kamba. Kiingilio kigawanywe vivyo hivyo, hadharani, usiku ule ule.

Linabaki jambo la wakubwa. Eneo hili limeona mengi. Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan wa Tanzania alishikiliwa na polisi baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Machi 2019, wasichana wa shule huko Kirundo, hapa Burundi, waliwekwa ndani kwa kuchorachora picha ya rais kwenye vitabu vyao, wakaachiwa baada ya kelele za dunia. Mwenye ukumbi akikumbuka hayo ataogopa, na hofu yake ina msingi. Lakini kiongozi wa tarafa anayejali utulivu angefanya vyema kuja mwenyewe, akakaa kiti cha mbele, akaigizwa anavyovaa miwani kabla ya kusoma tangazo, na akacheka. Watu wanaoweza kumcheka mbele yake hawana haja ya kumsengenya gizani. Samandari alikuwa akisema mbele ya wenye enzi, na masimulizi yanamkumbuka mpaka leo.

Vifaa ni vichache: kipaza sauti kimoja, betri ya sola iliyochajiwa mchana, mabenchi ya kuazima, na mtu mmoja mwenye daftari anayeandika majina ya wanaotaka dakika tano tano. Usiku wa kwanza wengi wataigiza walichokiona kwenye simu, wakimwiga Mkenya au Mbongo. Ni sawa. Kufikia mbalamwezi ya tatu au ya nne, atasimama mmoja na kuanza kusimulia habari za tajiri wa chombo, kikohozi kile na noti ile iliyokwama, na ua wote utajua ni nani anayesemwa.

Kisha mwezi utaanza kupungua, taa zitarudi ziwani, na mchekeshaji huyo atakuwa kwenye chombo kama kawaida, akivuta kamba pamoja na watu wanne waliomsikiliza juma lililopita. Wataingoja ndagala ipande. Mmoja atamwambia kikohozi kilikuwa kirefu mno, mwingine kwamba jina la tajiri angelitaja mwishoni. Atakirudia tena hapo hapo, polepole, hadi saa ya kuinua wavu.